Ng'ombe wa Kagoma na Vita vya Marekani

Hapana, Nestori, siyo kweli kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kufundishwa historia. Ulisema hivyo jana nyumbani kwangu mbele ya walimu wenzako, mkacheka wote, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na ndizi ya moto mdomoni. Leo sina ndizi. Wewe ni mtoto wa dada yangu na sasa ni mwalimu, kwa hiyo nakuandikia wewe na hao wenzako. Eti kwanza a-e-i-o-u, ya dunia yatafuata. Mimi nimefundisha mpaka nimestaafu, na watu walioshika kusoma haraka kuliko wote ni wale niliowafundisha vita vya Marekani, vile vya Kaskazini na Kusini, walipopigana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya utumwa. Herufi walizikimbilia wenyewe. Walitaka kujua nani kashinda.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri chuo cha ualimu, na sikuwa na subira hata ya chai kupoa. Daftari langu la siku zile ninalo. Nimelifungua leo nikacheka peke yangu mpaka kuku wakatoka jikoni. Kila ukurasa nimeandika "wanachelewa", "wanauliza mno", "kesho lazima tumalize". Nilikuwa nimepewa darasa la kisomo hapa Nyamiaga, watu wazima watupu, saa kumi jioni wakitoka shamba la kijiji na majembe yao. Vitabu vya kisomo havikufika. Malori yalikuwa yamekwenda mpakani na askari, maana vita na nduli, yule dikteta wa nchi jirani, vilikuwa vimeanza, na hata sabuni ilikuwa kitu cha kuota. Nilichokuwa nacho ni daftari langu la historia la sekondari. Mwalimu wetu alipenda vita vya Marekani kama watu wengine wanavyopenda mpira, kwa hiyo nusu ya daftari ilikuwa vita hivyo. Basi nikaanzia hapo.

Nyie mna chaki za boksi na bado mnalalamika vumbi. Ubao wetu ulikuwa mbao tatu tulizozipaka makaa ya betri kuukuu, tukasugua na majani ya maboga mpaka zikawa nyeusi tii. Chaki ilikuwa muhogo. Unaukata mwembamba, unaukausha siku nne juani, na hapo sikilizeni vizuri: unauanika mahali mbuzi hafiki. Mbuzi mmoja alinilia chaki ya wiki mbili, akabaki na midomo myeupe kama aliyetoka kufundisha. Jambo jingine: mkono uliozoea jembe unavunja muhogo kama kijiti cha kiberiti. Mtu wa namna hiyo mwache aandike kwanza ardhini, kwa fimbo. Kule hakuna cha kuvunja, na akikosea anafuta kwa kisigino bila mtu kumwona.

Ardhini ndiko nilikowachorea Marekani. Mto wao mkubwa nikauita Ruvubu yao, kwa sababu Ruvubu kila mtu aliijua. Kaskazini nikaweka mawe, viwanda hivyo. Kusini nikaweka majani, mashamba ya pamba. Nikawaambia: hawa wa Kusini walikuwa na watu waliowanunua, wakawalimisha bure, wakawauza kama mbuzi. Akachaguliwa rais ambaye hakupenda utumwa uenee, mtu mrefu sana, ana ndevu lakini hana masharubu. Kusini wakasema sisi tunajitoa, tunaunda nchi yetu. Vita vikaanza.

"Ndevu bila masharubu?" akauliza Mama Kabula. "Mke wake alikubali?"

Mama Kabula alikuwa Msukuma, amehamia kwetu akitokea Bisibo, sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mume wake alikuwa amechukuliwa na mgambo kwenda vitani. Alicheka kuliko wote, na aliuliza kuliko wote, na mimi nilimwandika kwenye daftari "msumbufu namba moja".

Siku ya pambano la kwanza sitaisahau. Niliwaeleza kwamba wakubwa wa mjini, na wake zao, walikwenda na magari ya farasi na vikapu vya chakula, wakakaa mlimani kuangalia vita kama watu wanaoangalia ngoma. Walidhani vitakwisha jioni ile. Kusini wakawachapa Kaskazini, askari wakakimbia, na wale mabibi wakakimbia nao, magari yakagongana barabarani.

Darasa zima lilianguka. Mzee mmoja aliteleza kutoka kwenye benchi, akabaki chini anacheka huko huko.

"Na vikapu?" Mama Kabula anapiga kelele. "Mwarimu, vikapu walikimbia navyo au waliviacha?"

"Sijui, haikuandikwa."

"Haikuandikwa! Basi aliyeandika ni mwanamume."

Kuanzia siku ile hakuna aliyekosa. Watu waliokuwa wanachelewa wakawa wananisubiri mlangoni. Nikaandika ubaoni KASKAZINI, wakaisoma. Nikaandika KUSINI, RAIS, MTO, FARASI. Kulikuwa na jenerali mmoja wa Kaskazini, ana jeshi kubwa, ana bunduki, ana kila kitu, ila kila akiambiwa piga anasema bado sijawa tayari. Wakampa jina Bwana Kesho. Mtu akichelewa shambani anaambiwa, "Umeamkia kwa Bwana Kesho?" Mwenyekiti wa kijiji akaanza kuniuliza huyo Bwana Kesho anaishi nyumba kumi za balozi gani, aje aonywe.

Na redio ikazidisha vurugu. Kijijini kulikuwa na redio moja, na jioni moja ikatangaza majeshi yetu yamevuka mto yanasonga mbele. Mzee yule yule wa benchi akaruka: "Kaskazini wamevuka Ruvubu yao!" Tukamweleza kwamba hao ni vijana wetu, wamevuka Kagera. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi leo tumeshinda mara mbili."

Mama Kabula peke yake hakucheka siku ile. Aliniuliza vile vya Marekani vilichukua muda gani. Nikasema miaka minne. Akaweka chini muhogo aliokuwa ameushika. "Minne," akasema. Halafu akauokota, akaandika FARASI vibaya, akafuta, akaandika vizuri.

Sasa kosa langu.

Daftari linasema hivi, na naliandika kama lilivyo: "Leo nimewaeleza mtumwa ni nani, kwa ufasaha mkubwa." Ufasaha! Nilisimama pale na sketi yangu ya shule, nikasema: mtumwa ni mtu anayemfanyia mwenzake kazi bila mshahara, na hawezi kuacha kazi hiyo akitaka. Nikawaambia warudie. Wakarudia kwa sauti moja kama kwaya.

Kagoma akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mpole wa kama miaka arobaini, mrefu, hazungumzi mpaka uanze kumsahau. Akasema, "Mwalimu, mimi nina ng'ombe wa Mzee Baranyikwa."

Nestori, wewe umekua wakati mambo haya yameshakuwa hadithi, acha nikueleze. Kwetu Wahangaza, mwenye ng'ombe wengi alimpa mtu ng'ombe mmoja. Maziwa unakunywa wewe, samadi unaweka kwenye migomba yako wewe, na bila samadi migomba ya hapa haikupi kitu. Lakini umekuwa mtu wake. Akijenga ua wa nyumba yake unakwenda kujenga. Akilima unakwenda kulima. Unamtembelea na pombe ya ndizi na unakaa chini kidogo kuliko yeye. Serikali ilishasema mambo hayo basi, sote ni ndugu, lakini ng'ombe alikuwa zizini kwa Kagoma, na ua wa Mzee Baranyikwa ulikuwa unajengwa kila kiangazi.

"Silipwi," Kagoma akasema taratibu, anahesabu kwenye vidole. "Kuacha, siwezi kuacha. Sasa kwenye vita hivi, mimi niko Kaskazini au Kusini?"

Mwalimu mwenye akili angemuuliza swali. Angesema, hebu tufikiri wote. Mimi nilikuwa nataka kufika kwenye tangazo la rais kabla jua halijazama. Nikasema: "Kusini, Kagoma. Upande wa watumwa. Tuendelee."

Nikaendelea. Nikawasomea rais alivyotangaza kwamba watumwa wote wa Kusini kwenye maeneo yanayopigana naye wako huru. Mama Kabula akauliza ametangazaje uhuru mahali ambapo jeshi lake halijafika, nikasema subiri. Kagoma alikuwa anatazama neno HURU nililoliandika ubaoni kama mtu anayetazama mlango.

Asubuhi yake alimfunga ng'ombe kamba akamrudisha kwa Mzee Baranyikwa.

Hamjui hilo lina maana gani. Kurudisha ng'ombe wa mtu ni kama kumtemea mate mbele ya wageni. Na huyo ng'ombe alikuwa na mimba. Watoto wa Kagoma watatu, mdogo bado hajatembea, wote kwenye maziwa yale. Kijiji kizima kiliona ng'ombe anapita na Kagoma mbele, kichwa juu, watu wakafikiri kuna posa.

Mke wake alinikuta nasugua ubao. Hakunisalimia. Akaniuliza, "Mwalimu, huo uhuru wako una maziwa?"

Daftari la siku ile lina mstari mmoja tu: "Mtoto wa Kagoma amelia mchana kutwa, nimemsikia kutoka shuleni." Ndiyo siku niliyotambua kwamba nimechezea kitu cha mtu. Kama ng'ombe yule asingerudi, na wale watoto wakaingia masika na uji wa maji, hiyo ingekuwa kazi ya mikono yangu na muhogo wangu.

Nikaenda kwa Mzee Baranyikwa. Nilimkuta ameketi mbele ya ua wake, na nyuma yake ng'ombe yule anatafuna, hana habari kwamba ni vita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesema mimi ni Kusini?"

"Mzee, mimi nilisema..."

"Bepari! Mimi! Kadi ya chama ninayo, shamba la kijiji nalima, na umri huu. Leo naambiwa nauza watu." Akanitazama kuanzia viatu. "Una miaka mingapi, binti?"

"Ishirini, Mzee."

"Ishirini. Fimbo yangu hii ina ishirini na mbili."

Niliomba msamaha. Hakutaka. Alitaka kitu kingine, na ilimchukua muda kukisema: alitaka kuvisikia vita hivyo mwenyewe. Kuja darasani alikuwa haji, kwa sababu aliyekaa kwenye benchi lile ametangaza kwamba hajui kusoma. Lakini kesho yake saa kumi alitokea, amebeba kigoda chake, akakiweka mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje.

"Sikuja kusoma," akatangaza. "Nimekuja kukagua."

Kagoma alikuwa benchi la mbele, shingo ngumu kama mpini. Hawakutazamana. Nyie mnaosema darasa ni lazima liwe kimya, mngeona lile. Kwa mara ya kwanza Kusini walipata mtetezi. Nikisema Kaskazini wameziba bandari ili Kusini wasiuze pamba, Mzee kutoka mlangoni: "Uonevu!" Nikisema Kaskazini wameuzingira mji wa mtoni mpaka watu wanakula nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, Mzee: "Si walitaka kujitoa kwa amani?" Na Mama Kabula anamjibu, "Babu, walijitoa na watu wa wenyewe mgongoni!" Darasa linapiga benchi. Nikaeleza jinsi watumwa waliotoroka walivyovaa sare za Kaskazini wakapigana, Kagoma akasimama bila kuombwa akaja ubaoni akaandika ASKARI, akarudi kukaa. Hakuna aliyemfundisha neno lile. Nikaeleza jenerali aliyepita katikati ya Kusini anachoma, anang'oa reli, anazipasha moto na kuzizungusha kwenye miti. Mzee akainama mbele kwenye kigoda. "Reli nzima?" akauliza. "Hata hapa kwetu reli haijafika, na wao wanafungia miti."

Halafu ikaja siku yenyewe. Mzee alinyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"Mwalimu, mtumwa anauzwa, umesema. Mimi nilimuuza Kagoma? Nilimpiga? Watoto wake wanakunywa maziwa ya nani?"

Darasa likageuka kumtazama Kagoma. Kagoma hakugeuka. Alizungumza na ubao.

"Hukuniuza, Mzee. Lakini siku niliyomzika mama yangu, kesho yake uliniita kujenga ua. Nikaja. Sikuweza kusema hapana."

Hakuna aliyepiga benchi. Mzee Baranyikwa alikaa tena, na kigoda kikalia. Mimi nikafanya jambo la maana la kwanza tangu nianze ualimu: sikusema kitu.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mwisho wa vita. Nilijua Mzee hatakuja. Akaja, na alisogeza kigoda ndani kidogo. Nikawasimulia majenerali wawili walivyokutana sebuleni kwa mtu. Wa Kusini amevaa safi, upanga kiunoni. Wa Kaskazini, mshindi, amefika na matope mpaka magotini. Yule mshindi hakumfunga mtu. Akasema askari wa Kusini waende nyumbani, na wenye farasi na nyumbu waondoke nao, kwa sababu msimu wa kulima umefika.

"Aaa!" Mzee akapiga fimbo chini. "Huyo alizaliwa na mkulima!"

Darasa zima likashangilia, hata waliokuwa Kaskazini toka mwanzo. Mtu akaanza wimbo. Mama Kabula alikuwa anacheza na jembe begani, analia na kucheka pamoja, anasema, "Wameenda nyumbani! Mwarimu, wote wameenda nyumbani!" Nikajua hasemi wa Marekani.

Ndipo Mzee akainua mkono. Mkono, Nestori, kama mwanafunzi.

"Na wale watumwa? Waliachiwa na nini?"

Nikafungua daftari. Nilijua jibu na sikulipenda. Nikawasomea: baadhi yao waliahidiwa kila familia kipande cha shamba, wengine wakapewa na nyumbu. Halafu rais yule mrefu akauawa, aliyemfuata akawarudishia mashamba wenyewe wa zamani. Wengi wakaishia kulima mashamba yale yale, ya watu wale wale.

"Walitoka mikono mitupu," akasema Kagoma.

"Ndiyo."

Mzee akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya ng'ombe. "Hao walinyang'anywa," akasema. "Wewe mikono mitupu umejipa mwenyewe, mjinga we, na ng'ombe ana mimba."

Mtu akacheka nyuma, halafu wote, na Kagoma akajaribu kuzuia, mabega yakaanza kumtikisika, akashindwa. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kiganja chenye unga wa muhogo, akabaki mweupe usoni.

Mazungumzo yakaanza palepale, na mimi sikuombwa kuyafundisha. Desturi ya kumaliza mambo kwa heshima ilikuwapo siku zote: aliyepewa ng'ombe anarudisha ndama jike, shukrani, wanakuwa sawa. Ila ilikuwa haifanyiki mpaka mkubwa akubali. Mzee akasema: ng'ombe atarudi kwa Kagoma. Akizaa jike, ndama huyo atakwenda kwa Mzee akiacha kunyonya. Akizaa dume, watasubiri uzao mwingine. Baada ya hapo ng'ombe ni wa Kagoma.

"Na ua?" akauliza Kagoma.

"Ua nitajenga na wanangu."

"Nitakuja," Kagoma akasema. "Ukinialika. Kama jirani."

"Nitakualika," Mzee akasema, "na nikikualika siku ya msiba, kataa."

Wakashikana mikono. Halafu Mzee akageukia upande wangu, na nikaona kwamba mimi sijasamehewa bado.

"Ng'ombe atarudishwa na aliyemfukuza," akasema. "Kagoma alimfunga kamba tu. Aliyemfukuza ni huyu."

Darasa likapasuka. Kwetu mwanamke hakupita barabarani anaswaga ng'ombe, na mimi hata kumshika sikio sikuwahi. Mama Kabula akaniambia Wasukuma wangenifundisha kwa jioni moja, nisiogope pembe, niogope mkia. Nikasema sawa.

Nimekuandikia yote haya ili ufike hapa, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lile. Mwandiko umekwenda mbio, wino umevuja:

"Kesho saa moja asubuhi nitavaa buti za baba, nitakata fimbo, nitakwenda kwa Mzee Baranyikwa. Nitamshika kamba ng'ombe yule mwenyewe na kupita naye barabara kubwa, mbele ya kila mtu, wacheke watakavyo. Sitamharakisha, ana mimba. Nikifika kwa Kagoma nitampa mke wake kamba mkononi, na sitaeleza kitu chochote."